Kelele ya Kwanza

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimefanya shoo karakana ya mabasi. Mafundi wana sherehe ya chama chao. Nilivaa koti jeusi, lile lenye kola ya kung'aa. Mikono bado ni ile ile. Wenye umri wangu wanashindwa hata kufunga vifungo vya shati — mimi sarafu inatembea juu ya vidole kama panya juu ya dari. Profesa Vidole ni mmoja tu. Hajazaliwa wa pili.

Lakini leo — upuuzi mtupu!

Nilianza na kamba. Kimya. Nikafuata na yai. Kimya. Nikasema moyoni, subirini nyinyi. Nikatoa mpira wangu wa kitambaa. Hii ni kanuni yangu tangu ujana: nawapa watu mgongo, nafumba macho, narusha mpira juu ya bega. Aliyeudaka naye anafumba macho, anaurusha kwa mwingine. Huyo wa pili ndiye anapanda jukwaani. Hata mimi sijui nani anakuja. Wenzangu wote niliowajua walikuwa na watu wao wa kupanga, wamekaa katikati ya ukumbi kama vile nao wamekata tiketi. Mimi sijawahi. Hata siku moja!

Mpira ukaenda kwa fundi wa breki, ukatoka hapo ukamwangukia fundi wa rangi. Mtu mrefu, mpole, ana rangi ya bluu mpaka masikioni. Amefanya kazi pale na wale wale watu tangu hajaota ndevu. Nikamwambia achague karata, airudishe. Nikaja kuitoa ndani ya kiatu chake — kiatu alichofunga kamba mwenyewe! Mtu akaruka. Akasema, jamani, mbona hivi?

Na wenzake walisemaje? Umelipwa lini! Mwenzao huyo, wanakula naye! Mmoja akasema mtafuteni mwenye kamera. Wakaanza kuchungulia chini ya viti. Mwingine akafungua kabati la vipuri. Kamera iko wapi, mzee, tuipungie mkono! Fundi wa rangi anaapa, anamwapia mama yake mzazi, wao wanacheka tu. Jumatatu utununulie chai, wanamwambia, siku hizi wewe ni mtu wa Kimbunga.

Kimbunga. Yule kijana wa televisheni, wa kila Ijumaa, mwenye meno mengi. Kila mahali Kimbunga.

Mwisho hakukuwa na kelele. Zamani ilikuwepo kelele ya kwanza. Inatoka nyuma kabisa, upande wa mlango, mwanamke asiyeweza kujizuia — "Mama yangu wee!" — halafu ukumbi mzima unafuata kama bomba lililopasuka. Kila mji, kila ukumbi. Ndivyo nilivyokuwa nawavunja watu. Leo nyuma kulikuwa kimya kama chumba cha mtihani.

Mama watoto hakuja kukaa mlangoni. Goti linamsumbua, amesema, na tena lazima afike sokoni. Goti gani hilo linalouma kwenye shoo na sokoni haliumi?

Jumatatu, 3 Machi

Kwa kinyozi. Kinyozi wangu ana mdomo kuliko mashine yake. Sijakaa vizuri ananiambia, Profesa, nasikia mafundi wamekuangusha. Habari imefika kabla ya kichwa changu.

Nikamwambia, hawakuniangusha mimi, wameiangusha kazi. Na aliyewafundisha ni huyo Kimbunga wenu. Si alimvua polisi kofia barabarani, kofia ikawa sungura, polisi akalia machozi, nchi nzima ikashika mdomo? Wiki iliyofuata akatuambia, tuliwatania! Polisi ni mwigizaji. Sungura wake. Wapita njia wote wake. Akacheka mpaka magego.

Kinyozi akasema, kwani wewe mzee wangu hudanganyi?

Nadanganya sana! nikamwambia. Lakini nadanganya macho yako mwenyewe, umeyafumbua, na mikono yangu hii hapa. Yeye hadanganyi jicho la mtu. Anakodi macho. Akishamaliza kuyakodi anawacheka wenye macho yao. Sasa mtu akiona ajabu ya kweli haulizi imefanyikaje. Anauliza nani kalipwa. Basi kazi imekufa hapo.

Wateja wawili kwenye benchi wakasema mzee ana hoja. Nilifurahi.

Kinyozi akazima mashine. Akasema, lakini mwanangu analala na karata chini ya mto kwa sababu ya Kimbunga. Bila yeye watoto wa leo wangejua mazingaombwe ni kitu gani? Halafu niambie ukweli, Profesa — wewe wangekupa kipindi ungekataa?

Nikamwambia anyoe.

Sina wivu. Nasema ukweli wa kazi tu. Hata koti la Kimbunga lenyewe limembana kwapani. Mtu wa kazi havai koti la hivyo. Utaficha nini humo?

Ijumaa, 7 Machi

Mkono umeangusha karata. Mimi! Mkono!

Kila Ijumaa mama watoto anamtazama Kimbunga. Mimi televisheni naipa mgongo. Ni msimamo. Naelekea kabati la vyombo, nanyoosha karata zangu. Kioo cha kabati kinaonyesha televisheni yote, lakini hilo si kosa langu. Kabati aliliweka pale yeye.

Leo akasema, baba watoto, leo kipindi hakina maana, tuzime? Ningepaswa kushtuka hapo. Nikasema tazama tu, mimi kinanihusu nini.

Basi kwenye kioo naona soko. Meza ya malimau. Kimbunga anapita na meno yake, anamsimamisha mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Kilemba nilikijua kabla ya uso.

Akamshika mkono. Akamvua pete — pete yangu! niliyomvisha nikiwa na jozi moja ya viatu. Akaipuliza, haipo. Akamwambia, mama, chagua limau lolote. Akachagua. Likakatwa. Pete imo katikati, inachuruzika.

"Mama yangu wee!"

Mikono kichwani. Akazunguka pale pale. Akamshika Kimbunga bega. Na uso wake — uso ule sijawahi kuuona. Ndoa nzima hii! Hata siku niliyotoa njiwa sita kwenye mwavuli alinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Kelele ile niliijua. Sikukumbuka nimeisikia wapi. Nikageuka, mara ya kwanza nikaitazama televisheni ile uso kwa uso.

Amekulipa nini?

Hajanilipa kitu, akasema. Nilishangaa.

Lini?

Jumamosi ile.

Jumamosi ya karakana! Mimi nahangaika na watu wanaotafuta kamera kwenye vipuri, kamera yenyewe iko sokoni na mke wangu!

Nikazima televisheni. Akaiwasha.

Jumamosi, 8 Machi

Pete inanuka limau. Anasema hainuki. Inanuka.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imejaa. Majirani. Dada yake amekuja na keki. Haya nyota wa televisheni, tupigie tena ile! Anapiga. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Tena! Anapiga tena.

Hakuna aliyeniuliza mimi kitu, na nilikuwa nimekaa na karata mkononi, nimezifungua kama feni.

Mwisho dada mtu akanikumbuka. Akasema, na wewe shemeji, unafanya vile vya limau? Vya limau! Nilimwambia mimi nilikuwa natoa saa ya hakimu ndani ya mkate yeye bado anafungwa nepi. Akasema, ehe, halafu akamgeukia dada yake. Amevaa manukato, huyo Kimbunga? Dada yake akasema, kidogo.

Kidogo!

Jumanne, 11 Machi

Jana sikuandika. Mkono ulikataa. Naandika leo yote.

Jana nilikwenda sokoni, kwenye meza ile ile. Muuza malimau ni mwanamke mnene, hana haraka na mtu. Nikachukua limau nikalibonyeza. Nikachukua jingine nikalitikisa karibu na sikio. Jingine. Akasema, mzee, hilo ni limau, si simu. Unampigia nani?

Nikacheka kidogo ili anizoee. Nikamuuliza, yule kijana wa televisheni alikupanga?

Nunua au ondoka, baba.

Nikanunua kikapu kizima. Ndipo akalainika. Akasema pete imeingiaje hajui, na yeye alikodoa macho kama wengine. Ila anachojua, walikata malimau matatu. Mara ya kwanza mwenye kamera alikuwa hajawasha. Mara ya pili toroli la samaki likapita mbele. Mara ya tatu ndiyo hiyo mliyoiona. Yule mama mwenye kilemba wakamwambia kila mara, mama, shangaa tena, kama mwanzo.

Nilitaka kumbusu! Nilirudi nyumbani kikapu begani, natembea kama bwana harusi. Nimemkamata! Kelele ya kupangwa! Uso wa kupangwa!

Nikaweka kikapu mezani. Nikasema, ulipiga mara tatu.

Akasema ndiyo. Hakukana hata kidogo. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa.

Basi umekiri!

Akasema, ya tatu walinipanga. Ya pili walinipanga. Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe, na hakuna kamera iliyoiona.

Hapo ushindi wangu wote ukaniishia miguuni. Maana ile ya tatu ningeweza kuichukia vizuri. Ya kwanza nitaifanya nini?

Nikamuuliza — bora nisingeuliza — mbona mimi hujawahi kunipa hiyo?

Akacheka kicheko kibaya. Baba watoto, mifuko ya koti lako nani ameshona? Yeye. Uzi nani alikuwa anaupaka nta? Yeye. Njiwa nani aliwabana mbawa mpaka wakazoea mwavuli? Yeye. Sasa mtu aliyeshona mfuko atashangazwa na kinachotoka mfukoni? Nilishangaa siku moja, akasema. Siku ya kukutana, ile sarafu uliyonitolea sikioni. Nilishangaa sana. Ukanioa, ukanipa sindano.

Nikamwambia, watu walishangaa! Hilo huwezi kunivua. Kila ukumbi, kule nyuma mlangoni, kabla sijamaliza kufungua mkono, watu walikuwa hawawezi kujizuia!

Akaweka kisu chini. Akanitazama kama anayenihurumia. Akafungua mdomo akapiga, pale pale jikoni, taratibu, kama anamkumbusha mtoto wimbo:

Mama yangu wee.

Nikakaa kwenye ndoo.

Taa zikipunguzwa, akasema, nilikuwa naacha meza ya tiketi nasimama nyuma. Watu wana aibu. Wanataka mmoja aanze.

Nikasema, mimi sikukupanga!

Akasema, hukunipanga. Ndiyo maana ilikuwa nzuri.

Jumatano, 12 Machi

Juisi ya limau asubuhi. Juisi ya limau jioni. Hatuongei. Kikapu bado kimejaa.

Natafuta ukumbi mmoja, mmoja tu, ambao yeye hakuwepo na watu walipiga kelele. Kuna ule wa kiwanda cha sabuni. Hapana, alikuwepo, alivaa viatu vyeupe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegeuza kiti. Nimemtazama Kimbunga waziwazi, kuanzia mwanzo mpaka matangazo. Yeye mama watoto hakutazama, alikuwa anapiga pasi.

Leo Kimbunga alimtisha mwuguzi kwa kumpoteza mgonjwa kitandani. Mwuguzi wa kukodi, analia kwa jicho moja. Watu wanacheka. Mtu mwenye mgonjwa wa kweli hospitali anacheka nini hapo? Na kesho mwuguzi wa kweli akisema ameona ajabu, nani atamsikiliza?

Lakini kabla ya hapo alichezea sarafu, karibu na kamera, peke yake, bila watu wake. Mkono wa kushoto si mbaya. Basi, nimeandika. Wa kushoto tu.

Ana kipawa na bado anakodi watu! Ndicho kinachoniuma. Mimi ningekuwa na mkono ule na ujana ule na kamera ile — mke wangu angekuwa anazimia kila Ijumaa.

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amekuja mwenyewe, amevaa tai. Anastaafu. Sherehe ni tarehe 29, alasiri, ukumbi wa shule. Makamu wake anataka waweke skrini kubwa waonyeshe Kimbunga. Yeye hataki. Anasema, mzee wangu, skrini ninayo nyumbani, nataka mtu ninayeweza kumshika mkono.

Nikajibu nitaangalia nafasi yangu. Mama watoto alikuwa mlangoni na sinia. Akakohoa, maana nafasi ninayo mpaka naigawa.

Mwalimu mkuu alipoondoka nikakaa na wazo. Wazo lilikuwa limeshakuja kabla ya chai kupoa. Pete. Pete ile ile. Lakini kwa njia ambayo hajaishona yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejifungia bafuni nashona. Siandiki nashona nini. Leso, basi. Pindo la leso. Hata karatasi ina macho.

Kushona ni kazi ya kichaa! Uzi hauingii, ukiingia unatoka. Nimejichoma kidole gumba, cha shahada, na kile kinachobeba sarafu. Vidole hivi!

Mezani akauliza, kidole kimefanya nini?

Mwiba.

Wa nini?

Malimau yana miiba, nikasema.

Yale ya sokoni? akauliza. Akaendelea kula.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeamka nimekuta kastabini yake imewekwa juu ya begi langu la kazi. Ile ya chuma, anayovaa kidoleni akishona.

Nimeitumia. Inasaidia.

Jumanne, 25 Machi

Leso imekwisha. Nimejijaribu mwenyewe, nimefumba macho, nimebana — hata mimi nilidanganyika kidogo. Profesa!

Tatizo ni mpira. Wa kuja jukwaani ni nani? Nikiwa sijalenga, atakuja yeyote. Nikilenga, nimevunja kanuni, nimekuwa Kimbunga. Na ukimfikia mama watoto ndiyo balaa zaidi: mji mzima unamjua, mama wa limau. Watasema tu, ni mkewe, wamepanga. Mtu mmoja ninayetaka ashangae ndiye mtu mmoja ambaye hawatamwamini.

Nimerusha mpira uani mara chache, kwa nyuma, kuelekea tangi la maji. Ni mazoezi ya bega tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia, kesho uje.

Akasema, nilikuwa nakuja.

Lakini usipige kelele, nikamwambia. Ukishangaa, piga. Usiposhangaa, funga mdomo. Sitaki kusaidiwa.

Na ukumbi ukinyamaza?

Unyamaze.

Utaaibika, baba watoto. Kuna watoto wa shule, wazazi wao, kuna makamu na skrini yake.

Niaibike.

Haya, akasema. Alisema haya haraka mno. Mtu niliyeishi naye maisha haya yote, kila haya yake naijua, hii sikuielewa.

Amenipigia koti pasi. Mifuko yote kaikagua kwa kidole, mmoja mmoja, kama kawaida. Leso ilikuwa ndani ya soksi yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika stoo, nyuma ya jukwaa la shule, juu ya dawati bovu. Mwanga unaingia kwenye tundu la hewa. Shoo haijaisha. Umeme umekatika katikati!

Niandike upesi.

Ukumbi umejaa. Madirisha wameyaziba kwa mapazia meusi kwa ajili ya ile skrini ya makamu, maana alikuja nayo hivyo hivyo. Nilianza na kamba. Kimya. Yai, kimya. Watoto wa mbele wanaangalia juu kwenye dari, wanatafuta kamera. Yeye yuko nyuma, karibu na mlango, kilemba cha kijani. Nilimwona amebana midomo kama mtu mwenye maji mdomoni. Ametii.

Kimya kile jamani. Sikujua kina uzito huo. Miaka yote hiyo alikuwa ananibebea.

Nikawapa mgongo. Nikafumba macho. Bega lilinivuta kuelekea mlangoni, nakiri mbele ya karatasi, lilinivuta. Nikalikatalia. Nikarusha mbele tu, karibu, kama mtu anayetupa ganda. Mpira ukadakwa na mwalimu mkuu kwenye kiti chake cha heshima. Nikasema fumba macho mwalimu, rusha popote. Mtu anastaafu, ana furaha, ana nguvu ya kijana — akaurusha mpaka nyuma kabisa.

Nikageuka. Mpira uko mapajani mwa mama watoto.

Ukumbi ukalipuka. Huyo mkewe! Mama limau! Mmepanga, mmepanga! Makamu anacheka amejishika tai. Mtoto mmoja amepanda juu ya kiti, ameona kamera, kumbe ni king'ora cha moto. Na mimi sikupanga kitu, Mungu anajua, nilijinyima!

Akaja. Polepole, na goti lake. Akapanda ngazi. Akanitazama, nikamtazama. Nikamwomba pete. Akaivua. Nikaiweka katikati ya leso mbele ya watu wote, nikaikunja, nikampa mkononi. Nikamwambia bana. Akabana. Unaisikia?

Naisikia, akasema.

Nikafungua mdomo kuhesabu — umeme ukakatika. Puu. Kipaza sauti kikafa. Giza.

Mimi giza likiingia naondoka jukwaani. Ni kanuni, asije mtu akasema alifanya gizani. Nikasema kwa sauti, mama, usifungue mkono mpaka nirudi. Nikaingia humu. Mlinzi wa shule anahangaika na jenereta.

Yeye yuko pale kwenye kiti, katikati ya jukwaa, amebana leso. Mlango huu ni mwembamba. Nasikia kila kitu.

Mtu anasema, mama, fungua tuone! Hakuna pete humo! Mwingine, mmepanga nyumbani!

Na yeye anawajibu. Imo! Naishika hapa. Pete yangu mwenyewe nisiijue? Njoo wewe, gusa, usikie!

Kuna mtu amepanda kugusa. Halafu anasema, eh, kweli imo.

Haimo. Anachogusa ni pete ya bati niliyoishona pindoni; yenyewe ninayo mimi, kwenye kiganja, bado ina joto la kidole chake.

Ananipigania kule. Amekasirika kabisa, sauti imepanda. Anaapa. Imo!

Nimebandika sikio mlangoni. Maisha yangu yote nimesoma mikono ya watu, sauti sikuisomea. Kama hajui, basi nimempata — taa zikiwaka afungue leso, nitapata ile ya kwanza, yangu, hata kamera isiwepo. Kama anajua, basi hii ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kunipigia. Uzi ni wake. Kastabini ni yake.

Jenereta imeanza kukohoa. Mlinzi anagonga. Profesa, taa zinakuja, toka!

Pete nimeiweka panapotakiwa. Kola nimenyoosha.

Bado anawaambia, imo, jamani, imo —